Mlango Upande wa Mlima

Cikuru alibana pumzi, akalaza wembe juu ya nyumba ya mtu, akaanza kuikwangua. Kazi hii haitaki pumzi. Ukihema juu ya karatasi angavu inanyonya unyevu, inavimba, na wino utakaowekwa hapo kesho utasambaa. Haitaki haraka pia. Wembe unalazwa, hausimamishwi. Unaondoa wino na kuiacha karatasi. Kisha unapasugua kwa ukucha wa kidole gumba mpaka palainike, na mtu atakayekuja baadaye hatajua kwamba mahali hapo palikuwa na nyumba.

Tangu asubuhi alikuwa amefuta nyumba nyingi mno. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1972, na Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa imetulia kwa utulivu ambao haukumpa mtu raha. Soko lilikuwepo. Mawese yaliuzwa, ndagala walianikwa mchangani kama kawaida. Lakini wanaume walikuwa wamepungua, na wanawake waliongea chini chini hata walipouliza bei ya chumvi.

"Kipande cha saba kimefika wapi?" Modeste aliuliza kutoka mlangoni mwa chumba chake.

"Kinaisha leo, shefu."

"Kiishe. Bujumbura wanataka vyote mbele ya mvua."

Modeste, mkuu wa ofisi ya ramani, hakuwa mtu mbaya. Alitoka milimani, alikuwa amesoma Ubelgiji, mpole, na miwani yake aliifuta hata ikiwa safi. Tangu mwezi wa nne, magari ya askari yalipoanza kubeba wanaume, alikuwa ameacha kula mchana. Kila gari lililosimama nje lilimwinua kitini, na likiondoka alikaa tena taratibu, akashika kalamu, asiandike kitu.

Ramani yenyewe ilikuwa na mambo yake. Wabelgiji waliichora yote kwenye shuka moja la kitambaa kigumu, refu kuliko meza, kuanzia Rumonge mpaka Kabonga kule mpakani: ziwa, barabara, vijito, mashamba ya michikichi, nyumba zote. Mtu akijenga kibanda tu huko Nyanza-Lac, shuka zima lilikuwa limepitwa na wakati. Kwa hiyo kila mwaka Mzungu mmoja mwenye kikohozi aliichora upya yote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na milima ambayo haikuwa imesogea. Uhuru ulipokuja, mwaka 1962, Mzungu yule alikwenda zake na kikohozi chake, na ofisi ikabaki na shuka na Cikuru, ambaye kazi yake ilikuwa kufuta meza na kuchonga penseli. Shefu wa wakati ule alimwuliza kama anaweza kuichora upya. Cikuru alisema hawezi, ila anaweza kuikata.

Wakaikata. Ikawa vipande vya mraba, kila kimoja na namba yake. Chini waliweka karatasi nzito yenye vitu visivyohama, yaani ziwa, vijito, miinuko na barabara. Juu yake wakalaza karatasi angavu yenye mambo ya watu: nyumba na mipaka ya mashamba. Mtu akijenga, unatoa kipande chake tu, unagusa karatasi ya juu tu, unarudisha kabatini. Kazi iliyokuwa ya mwaka ikawa ya asubuhi moja. Cikuru alijivunia jambo hilo kuliko kitu kingine chochote maishani mwake, na hakuwa na mtu wa kumwambia, maana nani anataka kusikia habari za karatasi.

Taabu ilikuwa pale wembe ulipopita. Nyumba nyingine zilikatika katikati, nusu huku na nusu kule. Ukiichora nyumba moja mara mbili, siku moja utarekebisha huku na kusahau kule, na ramani itakuwa na ndimi mbili. Wakaweka sheria: nyumba ni ya kipande ulipo mlango wake. Huko inachorwa nzima na shamba lake lote, na mlango unaonyeshwa kwa pengo dogo ukutani. Kwenye kipande cha jirani unawekwa mshale tu, wa kumwambia msomaji atazame pembeni.

Kulikuwa na desturi nyingine ambayo haikuandikwa popote. Watu wa pwani hii huenda na kurudi. Mtu anavuka kwenda Kigoma kuuza mawese, anapata mke au anapata homa, anakaa msimu mzima, kisha anarudi kwake na kukuta nyoka jikoni. Kwa hiyo nyumba isiyo na moshi haikufutwa papo hapo. Walikwangua wino wake wakaichora tena kwa penseli, nyepesi, na ofisini walisema nyumba hiyo imelala. Mvua zikipita zote na mwenyewe hajaonekana, ndipo inafutwa. Mwaka huu Modeste aliwaambia kwamba nyumba hazitalazwa tena. Alisema hivyo akitazama dirishani.

Aliyetembea mashambani alikuwa Radjabu, mpimaji, mzaliwa wa Rumonge. Alirudi na nakala zenye alama nyekundu: duara palipo na watu, msalaba pasipo na mtu. Zamani misalaba ilikuwa michache, na Radjabu alikuwa akileta pamoja nayo porojo za kila kijiji. Sasa aliweka nakala mezani bila salamu, akaenda kunawa mikono nyuma ya ofisi, akakaa kwenye maji muda mrefu.

Pembeni kabisa mwa kipande cha saba, msalaba mmoja ulikuwa juu ya nyumba ya Idi.

Cikuru aliiruka. Akafuta ya jirani, na ya jirani wa jirani, akaiacha hiyo. Zamani, alipokuja kutoka upande wa Bukavu, kule Kongo, kijana asiye na kitu, homa ilimwangusha njiani, na waliomwokota ni watu wa nyumba hiyo. Mama yake Idi, Mwanahamisi, alimlaza uani akamlisha uji kwa kijiko, Mkristo asiyemjua, mpaka aliposimama mwenyewe. Idi ndiye aliyemtafutia kazi ya kufuta meza. Na Zuwena alipoolewa na Idi, mwaka uliofuata uhuru, Cikuru alikula ubwabwa wa harusi mpaka akashindwa kunyanyuka, na tangu siku ile wakaitana shemeji.

Zuwena alimjia mchana huo huo. Alimkuta nyuma ya ofisi akiosha kalamu.

"Amahoro, shemeji."

"Amahoro, shemeji. Mama iko muzima?"

"Iko. Macho ndiyo inazidi kufa. Anataka arudishwe kwake. Asubuhi ni hiyo, jioni ni hiyo." Alijifunga kitenge upya ingawa hakikuwa kimelegea. "Radjabu alinipita jana kwa barabara, akageuza uso. Ametutia alama?"

"Ametia."

"Lakini tuko. Hatukuvuka, hatukufa. Idi peke yake ndiye alivuka, na unajua sababu, magari yalikuwa yanabeba wanaume. Mi nilibaki na mama kwa sababu hawezi mutumbwi. Tuko hapa kwa kaka yangu Asmani, kila mutu anatuona."

"Radjabu alikuta nyumba haina moshi."

"Basi muilaze. Si munazilazaga?"

"Hazilazwi tena. Shefu amekataza."

Wino kwenye beseni ulikuwa umeyafanya maji kuwa kama chai ya rangi, na wote wawili wakayatazama.

"Idi alituma salamu," alisema. "Anasema ikitulia atarudi. Atarudi wapi, shemeji? Ukifuta pale, mvua ikianza Leta, hii serikali, itagawia wengine. Idi akiweka muguu ataitwa mwizi kwa shamba ya baba yake."

"Niachie," Cikuru alisema.

"Nikuachie nini?"

"Niachie tu. Nitaona."

Aliona siku ya pili, Modeste alipoitwa kwa mkuu wa wilaya. Nyumba ya Idi ilikuwa juu ya mkato, kati ya kipande cha saba na cha nane, na mlango wake ulitazama ziwa, kwa hiyo ilikuwa ya cha saba. Kipande cha nane kilikuwa kimekwisha. Modeste alikuwa amekikagua, ametia sahihi pembeni, na kilichotiwa sahihi kilikaa kabatini bila kufunguliwa mpaka msimu mwingine. Cikuru alikitoa. Akaikwangua nyumba ya Idi kwenye cha saba, akaacha mshale. Kisha akaichora nzima kwenye cha nane, na shamba lake lote, kwa wino mpya, na pengo la mlango akaliweka nyuma, upande wa mlima.

Mistari ilinyooka mara ya kwanza. Alishangaa mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuwahi kuchora kitu ambacho hakipo, na mlango ule wa uongo ulitoka mzuri kuliko milango mingi ya kweli.

Modeste alilinganisha kipande cha saba na misalaba ya Radjabu, akakuta nyumba haipo, akatia sahihi. Mshale hakuuliza. Mishale ilikuwa mingi.

Cikuru alifurahi, na ni vigumu kumlaumu. Katika mwezi ule mtu alitafuta furaha hata ndani ya kabati la chuma. Jioni alipita mtaa wa Waswahili, akasimama uani kwa Asmani, akamwambia Zuwena neno moja.

"Ipo."

"Kwa wino?"

"Kwa wino."

Zuwena aliushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, akashukuru, murakoze, akarudia tena murakoze, akaingia ndani mbio kumwambia mama mkwe. Cikuru hakumwambia aendelee kukaa mjini. Hakuona kwamba kuna haja.

Jumatatu iliyofuata Modeste alitoka chumbani kwake, akasimama karibu na meza.

"Watu wa kambi ya askari wamechukua nakala za vipande vilivyosafishwa," alisema. "Cha nane, cha tisa, cha kumi. Wanasema wakikuta mutu huko, wajue kwamba hakutakiwa kuwa huko. Nilizitoa mwenyewe jana, wakati uko kanisani."

"Zimekwisha kwenda?"

"Zimekwenda. Moja ya cha nane iliungua na jua, iko pale."

Nakala iliyoharibika ilining'inia kwenye kamba, bado inanuka amonia, dawa ya kutolea nakala. Cikuru aliisogelea. Kipande cha nane kilikuwa mteremko mzima ambao yeye mwenyewe aliukwangua, nyumba kwa nyumba, mpaka kikabaki kijito peke yake. Sasa palikuwa na kijito na nyumba moja. Wino mkuukuu hutoka hafifu kwenye nakala, wino mpya hutoka mweusi, na nyumba ya Idi ilikuwa nyeusi kama doa kwenye shati jeupe. Angeiacha kwenye kipande cha saba, katikati ya nyumba nyingine zilizobaki, labda jicho lingepita. Alikuwa ameificha mahali ambapo hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

Akajiambia kwamba nyumba ni tupu, wakienda watakuta kuta tu. Hata hivyo alivaa viatu akaenda kwa Asmani, ili asikie kwa masikio yake kwamba Zuwena yuko.

"Hakukuambia?" Asmani alisema. "Alirudi shamba juzi, na mama. Anasema wewe ulimwambia nyumba ipo. Anataka Radjabu akipita mara nyingine akute moshi, alama ibadilike."

Cikuru alikimbia. Hakuwa mtu wa kukimbia, na watu sokoni walimpisha bila kumwuliza, kwa sababu mwaka ule mtu akikimbia hukumwuliza. Hakufika mbali. Gari la askari, la aina ya jipu, lilimkuta kwenye barabara ya kusini, likapunguza mwendo. Mbele alikaa luteni mmoja kijana, mwenye nakala imekunjwa mapajani. Nyuma, kati ya askari wawili, alikaa Modeste.

"Huyu ndiye anachoraga," Modeste alisema. Sauti yake ilikuwa haina maji.

"Panda," luteni alisema. "Utatuonyesha nyumba yako."

Moshi waliuona tangu barabarani. Ulikuwa moshi mnene, wa mtu anayetaka aonekane. Zuwena alikuwa akichemsha ngazi, matunda ya mchikichi, uani kwenye pipa, na nyingine zimo kwenye kinu, na mikono yake ilikuwa myekundu kwa mafuta mpaka viwikoni. Mama yake Idi alikaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, uso juani. Jipu liliposimama Zuwena alinyanyua mchi, akabaki ameushika hivyo hivyo.

Luteni hakuwa na haraka. Alifungua nakala, akaizunguka nyumba, akarudi mbele.

"Ramani inasema mulango iko nyuma."

"Nilikosea, luteni," Cikuru alisema.

"Ukikosea mulango, pengine umekosea na nyumba?"

Hapo Cikuru aliiona njia, na njia ilikuwa moja tu. Angesema kwamba nyumba ni halali na ina wenyewe, wangeuliza wenyewe ni nani, na mwenye nyumba yuko wapi, na kwa nini alivuka. Alijua majibu hayo yanaishia wapi. Alikuwa amewafuta wengi waliojibu.

"Nyumba yote ni kosa," alisema. "Ilitakiwa ifutwe. Hakuna mutu anakaa hapa."

"Na hawa?"

"Hawa ni watu wangu. Huyu ni bibi yangu, yule ni mama. Tulitoka Kongo. Walikuja kuokota ngazi, zilikuwa zinaoza bure."

"Jina yake?"

"Esperance," Cikuru alisema, kabla Zuwena hajafungua kinywa. Ndilo jina la dada yake, hakupata jingine.

Luteni alimgeukia Zuwena. "Bwana yako ni huyu?"

Zuwena hakumtazama Cikuru. Aliitazama nyumba: kizingiti, dirisha ambalo Idi alilitoboa mwenyewe kwa sababu yeye alilalamika giza, paa. Ngazi zilikuwa zinatokota pipani. Askari mmoja alibadili bunduki bega.

"Ni yeye," alisema.

"Wewe unamujua huyu mutu," luteni alimwambia Modeste. "Iko na bibi?"

Ofisi nzima ilijua kwamba Cikuru hana mke. Walimtania kwa sufuria yake moja, na Modeste mwenyewe aliwahi kumwahidi kumtafutia msichana huko kwao milimani. Modeste alivua miwani, akaifuta kwa shati. Ilichukua muda.

"Iko naye," alisema. "Ni huyu."

Bibi kizee mkekani alikuwa ameinua kichwa, akisikiliza sauti nyingi ambazo hakuzijua.

"Nani huyo?" aliuliza. "Ni mwanangu?"

Cikuru alipiga magoti mbele yake. "Ni mimi, mama."

Mwanahamisi alinyoosha mkono, akamshika kichwa, akampapasa sikio, shavu, kidevu. Alikuwa amekiosha kichwa cha Idi tangu kinalegea shingoni, hakuweza kukosea. Vidole vilisimama. Nao askari wawili walikuwa wanatazama, na luteni anatazama.

"Basi nibebe, mwanangu," alisema. "Nimechoka kukaa."

Luteni alikunja nakala yake. Alisema kwamba ngazi hizi ni mali ya Leta, na bibi wa mtu wa Leta haokoti vya Leta, na asisikie tena habari za nyumba hiyo, si kwenye karatasi wala hapo ilipo. Askari mmoja alilipiga pipa teke. Mafuta yalimwagika uani na kutiririka hadi kizingitini.

Jipu lilimchukua Modeste. Wao walirudi kwa miguu, Cikuru na bibi kizee mgongoni, Zuwena nyuma. Hakubeba kitu. Mikono yake ilikuwa bado na mafuta, na vumbi la barabara likaigandia.

"Shemeji," Cikuru alisema, walipofika mbali.

"Usiniite hivyo kwa barabara," Zuwena alisema. "Watasikia."

Kesho yake Cikuru alikwangua nyumba ya Idi kwenye kipande cha nane. Modeste alisimama kando yake mpaka akamaliza, kisha akainama kama anayekagua kazi.

"Bibi yako alale kwako," alisema polepole. "Si kwa kaka yake. Watauliza."

Ndivyo ikawa. Cikuru alikuwa na chumba kimoja upande wa Wakongomani, na kijiko cha pili ilibidi anunue. Wanawake wawili walilala ndani. Yeye alilala jikoni, nje, na kabla hakujapambazuka alikunja mkeka akaingia ndani ili majirani wamwone akitokea mlangoni. Cibalonza, jirani yao, mwanamke mcheshi wa kutoka kwao, alileta chungu cha pombe ya ndizi.

"Umeoa kimya kimya kama mwizi," alimwambia. "Tena Esperance mwenyewe muzuri. Ulimuficha wapi?"

Watu wa mtaa wa Waswahili walimjua Zuwena tangu utoto wake. Hao hawakuleta pombe. Walimwona anakaa kwa Mkristo wakati mumewe yuko ng'ambo, wakatosheka na walichokiona. Wanawake aliocheza nao ngoma waliacha kumsalimu. Asmani peke yake alijua, na Asmani alikuwa na watoto, kwa hiyo alifunga mdomo. Zuwena alichota maji, akapika, akamwosha mama mkwe, akafua mashati ya Cikuru na kuyaanika mbele ya watu. Ndani ya chumba alimwambia yaliyo ya lazima tu: chumvi imekwisha, mama amekohoa usiku. Cikuru alitamani amtukane. Angemtukana, angejua pa kuanzia.

Mvua zikaanza. Mashamba yakagawiwa. Siku moja Radjabu alirudi na duara jekundu kwenye ukingo wa kipande cha saba. Kulikuwa na watu wapya pale, wameparamia kuta za Idi wakaweka bati. Cikuru alitoa kipande, akachora nyumba yao kwa wino. Mlango wao ulitazama ziwa.

Ilikuwa mchana wa mvua Zuwena alipokuja ofisini. Hakuwa amefika pale tangu siku ile ya beseni. Alisimama mlangoni, kitenge kimelowa, mkononi samaki amefungwa kwa jani la mgomba. Modeste alimwona, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

"Kuko mutu alitoka Kabonga," Zuwena alisema. "Alibeba salamu ya Idi. Aliuliza kwa soko, Zuwena bibi ya Idi iko wapi. Wakamwambia, yule ni bibi ya Cikuru wa ramani sasa."

Cikuru aliweka kalamu chini. "Nani alimwambia?"

"Kila mutu."

"Huyo mutu iko wapi?"

"Alipanda gari ya asubuhi. Mi nafika soko, yeye amekwisha kwenda."

Cikuru alisimama, akakaa. Gari la asubuhi lilikuwa Nyanza-Lac saa hizi, au limepita. Mtu wa kumfuata hakuwepo. Mtu wa kumpa maneno ya kweli ayapeleke ng'ambo angelazimika kupita nayo kwa askari wale wale, na maneno yenyewe, hata yakifika, yangesikika vipi? Shemeji yako amemchukua mke wako ili kumwokoa. Mwanamume gani, akiwa kambini ng'ambo ya ziwa, ataisikia habari hiyo mpaka mwisho?

"Tutatuma mwingine," alisema. "Ikitulia."

Zuwena hakulia. Alijikunyata akakaa kizingitini, samaki mapajani, mgongo wake nusu kwa mvua na nusu kwa Cikuru.

"Mama ya kuuza samaki aliniuliza leo, bwana yako anapenda samaki gani. Watu walikuwa wengi, wananitazama. Nikasema mukeke." Alilitazama lile jani. "Mukeke ni ya Idi."

Maji yalidondoka kutoka kwenye jani, tone baada ya tone, yakaingia kwenye saruji. Ndipo akageuka, akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu shambani.

"Wewe unapendaga nini?" aliuliza.